Paka shume akiugua: usimshike kwa mkono mtupu

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MITUMBWI ya dagaa inaporejea alfajiri katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, paka huwa wamekwisha kufika. Huzunguka kando ya chanja za kuanikia wakingojea kitakachoanguka, na wengi wao hawana mwenyewe wala hawajapata kuguswa na mkono wa mtu.

Hao ndio paka shume. Huzaliana kwenye maghala, chini ya mitumbwi mibovu na katika mapagala ya Ujiji, mji ambao kwa desturi yake ya Kiislamu humwachia paka nafasi hata barazani mwa msikiti.

Siku mmoja wao anapoonekana akichechemea, au jicho likiwa limeziba kwa usaha, mpita njia mwenye huruma humsogelea na kunyoosha mkono. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwake yeye na kwa mnyama pia.

Shume hamwoni binadamu kuwa msaada. Humwona kuwa adui, na akikosa pa kukimbilia huuma kwa nguvu zake zote. Meno yake ni membamba na marefu; hutoboa ngozi kama sindano, kisha tundu hujifunga juu huku vijidudu vimebaki ndani. Mkono au kidole kilichoumwa huweza kuvimba na kutunga usaha kabla ya siku moja kwisha, hata kama jeraha lilionekana dogo.

Zaidi ya hayo kuna kichaa cha mbwa. Licha ya jina lake, ugonjwa huo huwapata paka pia na huambukizwa kwa mate, kwa njia ya kuumwa au kukwaruzwa. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa. Dalili zikishamtokea binadamu, kupona ni jambo la nadra mno.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kumtazama paka kwa mbali. Anayechechemea lakini anakimbia akiona watu, huyo huenda ameumia tu. Wa kutiliwa shaka ni yule anayepepesuka miguu ya nyuma, anayetokwa na udenda huku taya limelegea, ambaye sauti yake imebadilika au anashambulia bila kuchokozwa. Hata shume anayegeuka ghafla kuwa mpole na kukubali kushikwa si wa kufurahiwa. Paka wa namna hiyo asikamatwe na raia. Watoto waondolewe karibu na ofisi ya mifugo ya manispaa ipewe taarifa.

Iwapo dalili hizo hazipo, kinachohitajika zaidi ni subira. Madaktari wa mifugo hutumia mtego wa waya ambao mlango wake hujifunga paka akikanyaga kibao ndani. Asiye na mtego huo anaweza kutengeneza wake kwa tenga la kuku lililoegemezwa kijiti chenye kamba ndefu, na dagaa wachache chini yake. Wakati mzuri ni jioni, watu wakipungua. Katika siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzika na mabaki ya samaki yanapoadimika mwaloni, mnyama mwenye njaa huwa mwepesi zaidi kuingia.

Akishanaswa, tenga au mtego ufunikwe mara moja kwa kitenge au gunia. Giza humtuliza kuliko maneno yoyote ya kumbembeleza. Asiyeweza kukimbia kabisa arushiwe blanketi zito, azungushiwe lote, kisha atiwe katika boksi lenye matundu ya hewa. Kumfunga kamba shingoni, kumnyanyua kwa ngozi ya kisogo au kumtia katika gunia la plastiki ni kumwongezea maumivu, na jua la Kigoma laweza kumuua kabla hajafikishwa kwa daktari.

Njiani hapaswi kutibiwa. Hapa ndipo watu wengi wema hukosea, kwa kuwa hudhani kuwa dawa inayomfaa mtu humfaa na mnyama. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka mzima. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Damu hugeuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba hewa, fizi hubadilika rangi na uso huvimba. Dawa nyingine za maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, huharibu figo zake.

Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe zenye sipamethrini au pamethrini. Mwenye nia ya kumwondolea paka viroboto akampaka dawa hiyo, humsababishia mtetemeko, degedege na pengine kifo.

Hata maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu humkimbilizia paka mgonjwa, huwaharisha paka wengi wakubwa na kuwamalizia maji mwilini. Maji safi na kipande cha samaki asiye na chumvi vinatosha. Jipu lisikamuliwe, na kidonda kisimwagiwe mafuta ya taa wala maji ya betri.

Kwa daktari, shume huchomwa kwanza sindano ya usingizi, maana hakuna anayeweza kumpima akiwa macho. Ndipo kidonda husafishwa, usaha hutolewa na funza huondolewa. Kwa kuwa haiwezekani kumpa vidonge kila siku, daktari huweza kuchagua sindano ya antibiotiki inayofanya kazi kwa siku kadhaa. Usingizi huohuo ni nafasi ya kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa na kumhasi. Majeraha mengi ya madume hutokana na kupigania majike. Penye mgongo uliovunjika au mateso yasiyo na tiba, daktari humwua bila maumivu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumwacha afe kwa siku nyingi chini ya mtumbwi si huruma.

Aliyeumwa au kukwaruzwa wakati wa shughuli hii aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, majivu wala mafuta, kisha aende hospitali, kama ile ya mkoa ya Maweni, kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Asingoje dalili. Paka aliyeuma, kama yumo tengani, asiuawe: akibaki mzima kwa siku 10, hakuwa na virusi hivyo katika mate alipouma, na daktari aweza kuisitisha chanjo.

Paka aliyepona hurudishwa palepale alipokamatwa, si mtaa mwingine ambako atapigwa na wenyeji wake. Mlango hufunguliwa jioni, ukielekezwa mbali na barabara, na aliyeufungua husimama nyuma ya tenga.