Macho Makubwa Si Uzungu

Swali limerudi tena: mbona Wajapani hujichora kama Wazungu katika manga, katuni zao? Hawajichori hivyo. Muulizaji amekuja na macho yake mwenyewe kwenye ukurasa wa wenzake, akaona jicho kubwa na nywele zisizotiwa wino, akatoa hukumu. Usagi Tsukino wa manga ya Sailor Moon ana nywele za manjano, lakini ni mwanafunzi wa Tokyo, na wasomaji wa kwao hawamdhanii mgeni. Manga nyingi huchapwa kwa wino mweusi peke yake. Nywele zikiachwa nyeupe, mara nyingi ni ili huyu asichanganywe na yule. Tena anapotakiwa Mzungu hasa, mchoraji huweza kumrefushia pua na kumpanulia taya. Za nini alama hizo, kama wote ni Wazungu tayari? Nitaambiwa kwamba Osamu Tezuka, mchora manga mashuhuri, aliathiriwa na katuni za Disney. Ni kweli, na mwenyewe hakuficha. Ila alichokopa ni namna ya kuchora, si sura ya watu: Mickey Mouse ana macho makubwa, naye ni panya. Neno "meza" tulilitoa kwa Wareno, na bado hajaonekana aliyeketi mezani akainuka Mreno.

Ikiwa namna ya kuchora hukopwa kama neno, basi yaweza kuchunguzwa kama lugha; wanaisimu kama Neil Cohn huuliza jingine: ukurasa una alama gani, na zinaungana kwa kanuni zipi? Huko Japani, mhakiki wa manga Fusanosuke Natsume alizichambua alama hizo tangu miaka ya 1990. Povu puani ni usingizi; damu puani ni ashiki. Anayeshikilia kwamba picha hazihitaji kufundishwa anieleze hiyo damu, maana msomaji mgeni atamwitia kijana wa watu daktari. Mwaka 2016 Cohn na Sean Ehly walifuatilia alama 73 za namna hii katika vitabu 20 vya manga, nusu vya wavulana na nusu vya wasichana: nyingi zilitumika kote, ila kwa viwango tofauti, kama lahaja za lugha moja. Mwenye hamu ya kujaribu achukue juzuu moja la kila aina, asome kulia kwenda kushoto, aorodheshe alama, ahesabu visanduku vya picha vya mtu mmoja na vya mandhari nzima, kisha alinganishe na katuni za Marekani. Mwenye maabara apime umeme wa ubongo wa msomaji visanduku vikivurugwa mpangilio. Ukubwa wa macho aupime mwisho, akibakiwa na muda.