Kimea Huongeza Nguvu ya Uji wa Mtoto

Ndugu msomaji, je, uji wa mtoto wako ni mzito au mwepesi?

Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wa miezi 10 kwenye zahanati yetu. Tulimpima. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa umeshuka. Mama alisema, "Mganga, nampa uji mara tatu kila siku, na anaumaliza."

Alisema kweli. Nilikwenda nyumbani kwao nikauona uji huo. Ulikuwa mwepesi kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Lilijaa maji, unga ukawa kidogo.

Nilimwambia aupike mzito. Akajibu, "Ukiwa mzito anautema."

Basi nikaanza kumweleza habari za kimea. Bibi wa mtoto akacheka. "Mjukuu wangu, kimea kimo humu ndani. Ndicho ninachotengenezea togwa."

Kimea ni unga wa nafaka iliyooteshwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya. Vimeng'enya hivyo hukatakata wanga. Ndiyo maana uji mzito ukitiwa kimea hulegea, na unga wote umo ndani yake.

Jinsi ya kutengeneza kimea

1. Chagua ulezi safi. Tupa punje zenye ukungu.
2. Osha, kisha loweka usiku mmoja.
3. Mwaga maji. Funika ulezi kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku 2 au 3, mpaka uote. Nyunyizia maji safi kila siku.
4. Anika juani mpaka ukauke kabisa.
5. Pukuchua na kupepeta ili uondoe mizizi na machipukizi. Saga. Weka katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Jinsi ya kupika uji

Pika uji mzito, karibu na ugali laini. Ukiiva, ipua. Subiri kama dakika 10. Usitie kimea uji ukiwa unatokota, kwa sababu moto mkali huharibu nguvu yake. Tia kijiko kimoja cha chai katika bakuli moja la uji. Koroga. Baada ya dakika chache utaona unalegea. Urudishe motoni uchemke tena ili vijidudu vife. Mpe mtoto ukiwa vuguvugu.

Kumbuka, kimea peke yake hakitoshi. Ongeza maziwa au karanga zilizosagwa laini. Mtoto aanze uji akitimiza miezi 6. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi.

Mwezi uliofuata mama yule alirudi. Mstari kwenye kadi ulikuwa umeanza kupanda. Na bibi alikuwa amekwisha wafundisha majirani wawili.

Ndugu msomaji, kimea cha pombe hakikosekani kijijini. Kabla hujakitia mtunguni, toa kwanza kijiko cha mtoto.