Ulimi wa Mgonjwa wa Figo

Mgonjwa wa figo anayerudi Kawangware au Kangemi kutoka kliniki ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hupewa agizo moja kila mara: punguza chumvi. Jioni anaonja sukuma wiki, anaiona chapwa, anaomba chumvi. Watu wa nyumbani humwita mkaidi. Wanamwonea, kwani ulimi wake hauitambui chumvi kama zamani.

Kwa kawaida, sodiamu iliyo ndani ya chumvi hupenya kwenye seli za ulimi kupitia vijimlango vya protini, kisha neva zikapeleka habari ubongoni. Figo zikidhoofika, mate nayo hubadilika. Sodiamu huongezeka ndani yake, na ulimi ulioizoea mchana na usiku hauhisi ile kidogo iliyomo chakulani. Urea, taka ambayo figo zilipaswa kuiondoa, huingia pia kwenye mate. Bakteria huivunja kuwa amonia, na ladha ya kila kitu huharibika. Upungufu wa zinki, unaowapata wengi wa wagonjwa hawa, huzidi kuudhoofisha ulimi.

Basi mgonjwa huongeza chumvi, chumvi huzuia maji mwilini, presha hupanda, na figo huumia zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho kinajumuisha chumvi iliyo kwenye mkate, smoki za kando ya barabara na viungo vya pakiti vinavyokolezea mchuzi. Hata magadi yanayolainisha githeri yana sodiamu nyingi.

Lakini ulimi hupona. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza kwamba wagonjwa wa figo waliopewa chakula chenye chumvi kidogo kwa wiki moja walianza kuitambua chumvi vizuri zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa asitengewe sufuria yake peke yake. Nyumba nzima ipunguze chumvi. Dania, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu vitatia ladha. Chumvi mbadala ziepukwe hadi daktari aulizwe: nyingi zina potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi yaweza kusimamisha moyo. Mgonjwa akivumiliwa siku hizo za mwanzo zenye chakula chapwa, ulimi wenyewe utamsaidia kulitii agizo la daktari.