Samaki wa mwambao wetu ni wangapi? Wapiga mbizi wanaohesabu chini ya maji

Ukimuuliza mvuvi mzee wa Shimoni, Nungwi au Kilindoni kama samaki wamepungua, atacheka kwanza, kisha atakuonyesha kwa mkono ukubwa wa chewa aliokuwa akiwavua ujanani. Jibu lake ni sahihi, lakini halifiki mbali mbele ya maafisa. Serikali inapotaka kufunga sehemu ya bahari, na wavuvi wanapouliza kwa nini wafukuzwe walipovua babu zao, zinatakiwa takwimu. Za sokoni pekee hazitoshi, kwa sababu mizani ya soko hupima waliovuliwa tu, haiwajui waliobaki. Ndiyo maana kuna watu wanaozama baharini na kalamu ya risasi, wakihesabu samaki mmoja mmoja.

Kazi hii ilipata utaratibu wake mwaka 1954, pale mtaalamu Vernon Brock alipochapisha njia aliyoitumia kuhesabu samaki wa miamba huko Hawaii. Hadi leo msingi ni ule ule. Mpiga mbizi hutandaza utepe wa kupimia, mara nyingi wa mita 50, juu ya mwamba. Husubiri kidogo samaki watulie, kisha huogelea polepole akiandika kila anayemwona ndani ya mita mbili na nusu kushoto na mbili na nusu kulia. Huandika kwenye kibao cha plastiki au karatasi isiyolowa: pono watano, tafi kumi na wawili, kikande mmoja. Samaki aliyekwisha kupita nyuma yake haandikwi tena, la sivyo mmoja angehesabiwa mara tatu.

Sehemu ngumu zaidi ni kukadiria urefu. Chini ya maji kila kitu huonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja kuliko kilivyo, kwa hiyo mgeni wa kazi hii huwa anarudi juu na samaki wa kujisifia. Wanaojifunza hupewa kwanza vipande vya mbao au plastiki vilivyokatwa kwa umbo la samaki, wakadirie urefu wake majini hadi macho yazoee. Hili si jambo la mapambo. Samaki mwenye urefu mara mbili ya mwenzake huwa na uzito wa takriban mara nane, na kosa dogo la sentimita huwa kosa kubwa la kilo. Kutokana na urefu huo hupatikana uzito wa samaki wote walio katika hekta moja ya mwamba, na hiyo ndiyo namba inayozozaniwa katika mikutano.

Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokusanya hesabu za namna hii kutoka miamba 832 duniani. Watafiti walikadiria kuwa mwamba usiovuliwa hubeba takriban kilo 1,000 za samaki kwa hekta. Katika miamba inayovuliwa, asilimia 83 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Walikadiria pia kwamba mwamba uliochoka ukiachwa kabisa bila kuvuliwa huchukua wastani wa miaka 35 kurudi karibu na hali yake. Miaka 35 ni umri mzima wa kazi wa mvuvi, na hapo ndipo penye ugomvi.

Kenya ni mfano mzuri, maana ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, na miamba yake imekuwa ikipimwa kwa miongo kadhaa, hasa na Tim McClanahan na wenzake. Hesabu zao zilionyesha jambo ambalo mtu wa sokoni asingelifikiria. Kikande, samaki ambaye si wa thamani kubwa, ndiye mlaji mkuu wa wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu wanaowachoma wavuvi miguuni. Kikande akivuliwa akaisha, wenye miiba huongezeka mno, hukwangua mwamba wakitafuta chakula, na matumbawe hushindwa kukua. Ndani ya hifadhi hali ilikuwa kinyume: vikande wengi, miiba michache.

Lakini takwimu hizo hizo zina upande wa pili, na ni haki kuutaja. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilipoanza kulindwa kikweli mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walipoteza sehemu kubwa ya eneo lao. Waliobaki pembeni walianza kupata samaki wengi zaidi kwa kila mtu, ila jumla ya samaki waliofika nchi kavu ilipungua, kwa sababu wavuvi wengi walikuwa wameondoka. Ukiisoma namba ya kwanza tu, hifadhi imefaulu. Ukiisoma ya pili tu, imewanyima watu kitoweo. Kwa maoni yetu wanaokwenda vijijini na namba ya kwanza peke yake wasishangae wakizomewa.

Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, walifuata njia nyingine. Huko wanakijiji wenyewe katikati ya miaka ya 2000 waliamua kufunga kipande cha bahari cha takriban hekta 30. Samaki walirudi, na mwaka 2017 kikundi chao kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utepe wa kupimia ni ule ule, tofauti ni nani aliyeamua.

Upande wa Tanzania adui aliyejulikana sana ni baruti. Mwaka 2015 watafiti walisafiri kando ya pwani wakikokota maikrofoni chini ya maji, wakanasa milipuko zaidi ya 300, mingi ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Baada ya msako wa pamoja wa vyombo vya dola milipuko ilipungua sana, ingawa mwamba uliosagwa na baruti haurudi kwa msako.

Kuna pia samaki ambao mpiga mbizi hawaoni hata wakiwapo. Mkunga hujificha pangoni mchana. Mahali wanapovua kwa mshale au bunduki ya kupigia samaki, kila mwenye mapezi hukimbia akimwona mtu, na hesabu hushuka kuliko ukweli. Kwa ajili hiyo siku hizi hutumika pia kamera zinazoshushwa na chambo, bila binadamu karibu. Utafiti mkubwa wa papa uliochapishwa mwaka 2020 ulitumia kamera hizo katika miamba 371 ya nchi 58. Karibu mwamba mmoja katika kila mitano haukuonyesha papa hata mmoja. Kenya na Qatar zilikuwa katika kundi la mataifa na maeneo sita yaliyofanya vibaya zaidi: kwa jumla yote sita, katika zaidi ya saa 800 za kamera, walionekana papa watatu.

Hao ni papa ambao kwa karne nyingi majahazi yaliwaleta wakiwa wakavu, wenye chumvi, kutoka pwani za Uarabuni na Somalia hadi Zanzibar na Mombasa. Wasomaji wetu wa Muscat na wa Unguja wote wanaijua harufu ya papa mkavu anapochemka, na kila upande hudai wake ndiye mtamu.

Kwa sasa macho yako kwenye joto. Mwaka 1998 maji yalipopata moto, matumbawe yalipauka, na katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania zaidi ya nusu yalikufa. Kutokana na msiba huo mtandao wa utafiti wa CORDIO ulianzishwa mwaka uliofuata, na tawi lake la Afrika Mashariki liko Mombasa. Joto lilirudi mwaka 2016, na Aprili 2024 ilitangazwa kuwa dunia imo katika wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe, Bahari ya Hindi ikiwemo.

Samaki hawatoweki siku matumbawe yanapokufa. Mifupa ya matumbawe husimama miaka kadhaa, samaki wadogo wakiendelea kujificha humo, na pono hata huongezeka kwa kula mwani ulioota juu yake. Ni pale mifupa inapomomoka ndipo hesabu inapoanza kushuka. Kwa hiyo misimu ya kaskazi ijayo, maji yakitulia na kung'aa, wapiga mbizi watarudi na tepe zao mahali pale pale walipohesabu kabla ya 2024.