KINANDA KILICHOKATALIWA

Katika stoo ya shule yetu mna kinanda cha kukanyaga kwa miguu, ambacho hakijapigwa tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza. Wengine wasema kiuzwe. Kabla hatujaamua, napenda kuwaeleza habari za kinanda kingine, cha mabomba, kilichoko Portsmouth katika jimbo la New Hampshire, Marekani.

Kwanza, jinsi kinanda cha mabomba kifanyavyo kazi. Mvukuto husukuma hewa katika sanduku lililo chini ya mabomba. Mpigaji abonyezapo kibao, kijilango hufunguka, hewa ikapanda bombani, na bomba likalia kama filimbi. Bomba refu hutoa sauti nene, fupi hutoa nyembamba.

Kinanda hicho kidogo kilikuwa mali ya Bwana Thomas Brattle, mfanyabiashara wa Boston na mtunza hazina wa Chuo cha Harvard. Alipofariki mwaka 1713 aliliusia kanisa lake, kwa sharti moja: katika muda wa mwaka mmoja wampate mtu mwenye adabu ajuaye kukipiga. Wasipokubali, kiende King's Chapel, kanisa la Kianglikana mjini humo humo.

Kanisa lake likakikataa. Wao waliimba zaburi kwa sauti tupu, wala hawakuona vyema chombo kutumika katika ibada. King's Chapel wakakipokea, na mwaka 1714 akafika mpigaji kutoka Uingereza, Bwana Edward Enstone.

Mwaka 1756 kinanda kiliuzwa kwa kanisa la St. Paul's, Newburyport, kikakaa huko miaka 80. Mwaka 1836 kikauzwa tena kwa kanisa la St. John's, Portsmouth, na huko kiko hata leo. Umri wake umepita miaka 300.

Lililonigusa mimi ni lile sharti. Bwana Brattle hakuacha chombo tu, alitaka na mpigaji. Chombo kisicho na mtu ni chakula cha panya, nao wamekwisha anza kukila chetu.

Basi nauliza: je, yuko mwalimu au mzazi awezaye kutufundisha? Mimi na wenzangu wawili tu tayari kila Jumamosi baada ya usafi. Asipopatikana hata mwisho wa muhula ujao, kipewe watu watakaokipiga, nami sitanung'unika.