Kati ya Picha na Picha: Uundaji wa Mipito Katika Maonyesho ya Slaidi

Utangulizi

Si ajabu siku hizi kukuta picha zikipita moja baada ya nyingine kwenye ukuta wa ukumbi: katika mahafali, arusi, kongamano la wanafunzi au ibada ya kumuaga marehemu. Watazamaji huzikumbuka picha zenyewe. Ni wachache wanaozingatia kinachotokea baina yazo. Hata hivyo, katika sekunde ile moja au mbili ambapo picha ya kwanza inaondoka na ya pili inaingia, mtayarishaji huwa anasema jambo, apende asipende. Picha ya marehemu ikizungushwa kama pia kabla ya kutoweka, waombolezaji huona mzaha mahali ambapo mzaha haukukusudiwa. Kosa hapo si la picha. Ni la kiungo kilichowekwa kati ya picha hiyo na inayoifuata.

Kiungo hicho ndicho kinachoitwa mpito. Makala haya yanafafanua mpito ni nini, jinsi tarakilishi inavyoutekeleza, na namna mtu asiye mtaalamu wa kuandika programu anavyoweza kuunda wa kwake. Hoja inayoyaongoza maelezo haya ni moja: mpito ni kiunganishi, na kiunganishi huteuliwa kwa mujibu wa uhusiano uliopo baina ya vinavyounganishwa, wala si kwa sababu kinapendeza.

Chimbuko la Mpito

Mpito una umri mkubwa kuliko tarakilishi. Taa ya kurushia picha ukutani, ambayo Mholanzi Christiaan Huygens aliieleza mnamo mwaka wa 1659, ilionyesha picha moja kwa wakati mmoja. Katika karne ya 19, waonyeshaji wa Uingereza, akiwemo Henry Langdon Childe, waliwavutia watazamaji kwa kutumia taa mbili zilizoelekezwa mahali pamoja. Mwanga wa taa ya kwanza ulipunguzwa polepole huku wa pili ukiongezwa, na mandhari ya kiangazi yakageuka kuwa ya theluji mbele ya macho ya watu. Huo ndio myeyuko.

Filamu zilipozuka, myeyuko ulihamia huko. Mfaransa Georges Méliès aliutumia kuunganisha maonyesho ya filamu yake Cendrillon ya mwaka wa 1899. Baadaye Mjapani Akira Kurosawa alijulikana kwa mfuto, ambapo mstari hupita kwenye skrini ukiifuta picha moja na kuiacha nyingine nyuma yake. George Lucas aliufuata mtindo uo huo katika filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977. Programu za slaidi zilipokuja, zilirithi hazina hii yote na kuiweka katika orodha ya kubofya. Wingi wa orodha hiyo ndio ulioleta fujo, kwa kuwa mtumiaji alipewa vionjo vingi bila kuelezwa kila kimoja kina maana gani.

Mpito Kama Kiunganishi

Mwanafunzi wa sarufi hahitaji kuelezwa kwamba "kwa hivyo" na "ilhali" haviwezi kubadilishana nafasi bila kuiharibu sentensi. Mipito nayo ina maana zake, ijapokuwa maana hizo ni za mazoea na wala si sheria. Mkato, yaani picha kuondoka na nyingine kuingia papo hapo, ni sawa na sentensi mbili zilizotenganishwa kwa nukta tu. Msomaji huachiwa kazi ya kuuona uhusiano. Myeyuko husema "baadaye", au hudokeza kwamba vitu viwili vina undugu. Mfuto husema "kwingineko" au "wakati uo huo". Skrini inapoingia gizani kabisa kabla ya picha ya pili kuchomoza, hiyo ni sura iliyofungwa na nyingine kufunguliwa.

Kutokana na ulinganisho huu, kanuni mbili hujitokeza. Kwanza, onyesho lenye mpito tofauti kwa kila picha ni sawa na aya ambayo kila sentensi yake inaanza kwa kiunganishi kipya: fauka ya hayo, walakini, almuradi, mathalani. Msomaji huchoka kabla ya kufika mwisho. Pili, kuna haja ya kuunda mpito mpya pale tu ambapo iliyopo haiwezi kuutaja uhusiano unaokusudiwa. Mpito usiosema lolote ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jinsi Tarakilishi Inavyofanya Kazi

Picha ya tarakilishi imejengwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Katika picha isiyo na rangi, kila pikseli hubeba namba moja, kwa kawaida kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tititi, hadi 255, ambayo ni nyeupe pepepe. Mpito wowote ule ni jibu la swali moja linaloulizwa kwa kila pikseli, katika kila fremu: je, ionyeshe picha ya kwanza, ya pili, au mchanganyiko wa zote mbili?

Katika myeyuko, jibu ni mchanganyiko. Chukulia kwamba pikseli fulani ina namba 200 katika picha ya kwanza na 80 katika ya pili. Mpito ukiwa umefika robo ya safari yake, tarakilishi huchukua robo tatu za 200, ambazo ni 150, na robo ya 80, ambayo ni 20, kisha huonyesha 170. Katikati ya safari huonyesha 140, na mwishoni hubaki 80. Katika mfuto, jibu hutegemea mahali: pikseli zilizokwisha kupitwa na mstari huonyesha picha ya pili, nazo zilizosalia huonyesha ya kwanza.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayomfaa zaidi anayetaka kuunda mpito wake. Huchorwa picha nyingine ya kijivu, ambayo hapa itaitwa kiolezo. Kiolezo hakionekani na mtazamaji. Kazi yake ni kuiambia tarakilishi zamu ya kila pikseli: penye weusi pabadilike kwanza, penye kijivu pafuate, na penye weupe pamalizie. Kiolezo ambacho ni cheusi upande wa kushoto na kinachoelekea weupe polepole upande wa kulia huzaa mfuto wa kawaida. Kikiwa cheusi katikati na cheupe pembeni, picha ya pili hufunguka mfano wa ua. Kwa hiyo, anayeweza kuchora kivuli anaweza kuunda mpito.

Mfano: Mpito wa Ukili

Tuseme kwamba chama cha wanafunzi kinaandaa onyesho kuhusu ufundi wa pwani. Picha ya kwanza ni ya chane za ukindu zilizoanikwa, na ya pili ni ya mkeka uliokamilika. Myeyuko ungesema tu kwamba muda umepita. Uhusiano halisi, hata hivyo, ni wa kazi: ukili mrefu husukwa, kisha hushonwa ubavu kwa ubavu, mshono kwa mshono, hadi mkeka upatikane. Mpito unaofaa ni ule unaoifuata kazi hiyo.

Hatua ya kwanza ni kufungua programu ya kuchorea, kwa mfano GIMP, ambayo hailipiwi, na kuandaa ukurasa wenye vipimo vya onyesho lenyewe. Hapa tuchukue pikseli 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Hatua ya pili ni kuugawa ukurasa katika mikanda minane ya mlalo, kila mmoja ukiwa na kimo cha pikseli 90. Hatua ya tatu ni kuijaza mikanda hiyo vivuli. Mkanda wa juu huanza na 0 kushoto na kufikia 31 kulia. Wa pili huanza na 32 kulia na kurudi kushoto hadi 63. Wa tatu huanza na 64 kushoto, na kuendelea hivyo hadi wa nane unaokoma kwenye 255. Hatua ya nne ni kukihifadhi kiolezo kama faili ya PNG.

Hatua ya mwisho hufanyika katika programu ya kuhariri. Programu za bure kama vile Shotcut na OpenShot hukubali kiolezo cha kijivu kilichoundwa na mtumiaji. Katika Shotcut, picha mbili hupishanishwa kwenye mstari wa muda ili mwisho wa moja ulalie mwanzo wa nyingine. Sehemu hiyo ya mpishano huteuliwa, na badala ya kuchagua mfuto ulio katika orodha, mtumiaji huelekeza kwenye faili yake. Iwapo zamu zitatokea kinyume, weupe ukitangulia weusi, kuna mahali pa kugeuza. Matokeo yake ni kwamba mkeka huingia mkanda kwa mkanda, ukienda na kurudi, mpaka chane zote zifunikwe.

Muda na Ulaini

Mpito huu ukipewa sekunde 4, kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, una fremu 100. Kila mkanda hupata fremu 12 na nusu, kwa hiyo ukingo wa picha mpya husonga takriban pikseli 102 katika kila fremu. Kwa kuwa kila mkanda una vivuli 32, kila kivuli kina upana wa pikseli 40, na hatua hizo hazionekani kwa sababu mwendo wenyewe huruka mbali zaidi. Lakini mpito uo huo ukirefushwa hadi sekunde 20, ukingo utahitaji kusonga takriban pikseli 20 tu kwa fremu ilhali vivuli ni vya 40. Hapo utasitasita kama mtu anayeshuka ngazi. Dawa ni kuulainisha ukingo katika programu ya kuhariri, au kutumia kiolezo chenye vivuli vingi zaidi pale programu inapokikubali.

Aidha, mwendo usiobadilika huonekana kuwa wa mashine. Mkono wa mshonaji huanza taratibu, hushika kasi, kisha hutulia. Programu nyingi humruhusu mtumiaji kuupinda mwendo ili robo ya kwanza ya muda itimize sehemu ndogo tu ya safari, katikati iwe ya haraka, na mwisho uwe wa upole.

Uhifadhi

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Programu ya ProShow Producer ya kampuni ya Photodex iliwapa watumiaji wake uwezo mkubwa wa kujiundia mipito. Kampuni hiyo ilifunga milango yake mwaka wa 2020, na kazi zilizokuwa zimehifadhiwa katika faili za programu hiyo pekee zikabaki zikiitegemea programu isiyoendelezwa tena. Kiolezo cha PNG hakina hatari hiyo, kwani ni picha ya kawaida inayofunguliwa na programu yoyote ya picha. Inafaa kiwekwe katika kabrasha moja na picha asilia pamoja na maelezo mafupi ya muda na vipimo. Vilevile, nakala ya onyesho zima itolewe kama video ya kawaida.

Hitimisho

Imebainika kwamba uundaji wa mpito ni kuipa kila pikseli zamu yake, na kwamba zamu hizo zinaweza kuchorwa kwa kivuli kwenye ukurasa. Ugumu hauko katika tarakilishi. Uko katika kulijibu swali linalopaswa kutangulia: picha hizi mbili zinahusianaje? Asiye na jibu na atumie mkato, kwa kuwa nukta haijawahi kumpotosha msomaji. Mwenye jibu ana haki ya kuunda kiunganishi chake. Na wanaojifunza Kiswahili wana faida ya ziada: mkato, myeyuko, mfuto na kiolezo ni maneno yanayojieleza, na fundi anayelielewa jina la chombo chake hachelewi kukijua kazi yake.