Je, Wajua? Muvi Yako Imebanwa Kuliko Unavyodhani!

Je, wajua kwamba muvi ya saa mbili, ikiachwa bila kubanwa kwa ukubwa wa picha za DVD, inakula gigabaiti zaidi ya 110? DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7 tu. Ungeichoma hivyo hivyo ilivyo, diski ingejaa ndani ya dakika tano, stelingi hata hajatokea! Na kwenye CD ya megabaiti 700? Sekunde 47.

Sogea hapa nikupe nyingine. Picha moja ya DVD ina nukta 414,720. Kila nukta ingekuwa mshabiki, ungeujaza uwanja wa Azam Complex hapa kwetu Chamazi, unaochukua watu wapatao 10,000, mara 41! Na deki yako inachora picha za namna hiyo 25 kila sekunde, tangu jina la kwanza mpaka la mwisho.

Unadhani picha hizo 25 zote zimo kwenye diski? Wapi! Zilizohifadhiwa nzima nzima huwa mbili hivi kwa sekunde. Zilizobaki ni maelezo tu ya kilichosogea: ukuta haujasogea, hauandikwi tena. Tena nyingine hukopa kutoka picha ambazo wewe bado hujaziona. Deki inasoma ya mbele kwanza, halafu inarudi kuchora ya nyuma. Sasa unajua kwa nini diski ikikwaruzika uso wa stelingi unageuka vigae, mara ghafla unarudi safi: picha nzima nyingine imefika.

Na rangi? Hapo macho yako yanapigwa chenga mchana kweupe. Kila nukta nne za mwanga zinagawana rangi moja tu, na hujawahi kulalamika.

Hesabu inayobana kila picha kwa vipande vya nukta 8 kwa 8 ilibuniwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti Marekani, akanyimwa. Mmoja wa waliolipitia ombi lake alisema wazo lenyewe ni rahisi mno. Leo wazo hilo rahisi limo ndani ya kila DVD na karibu kila picha ya JPEG unayotumiwa kwenye simu. Rahisi, eti!

Unazikumbuka VCD? Ziliingia sokoni mwaka 1993, na moja ilibeba dakika 74 basi. Sholay, ile ya Kihindi ya mwaka 1975, inapita saa tatu: piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi mtu aliinuka kubadilisha diski.

DVD huanza kusomwa katikati kwenda nje. Njia inayofuatwa na mwanga wake mwekundu ni mzunguko mmoja mwembamba usiokatika, na ungeukunjua ungepata zaidi ya kilomita 11. Zote hizo kwenye kisahani cha sentimita 12! Ndiyo maana ukiifuta kwa kitambaa, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza njia deki inaufidia kwa hesabu. Unaoifuata njia unaila muvi.

Mwaka 1999 Mfaransa Jérôme Rota alichezea programu ya Microsoft ya kubana video, akaibandika jina DivX ;-) pamoja na kile kijicho cha kukonyeza. Lilikuwa dhihaka kwa mradi wa diski za kukodi wa Marekani, ulioitwa vivyo hivyo na ukafa mwaka huo huo. Kwa ufundi huo muvi nzima ikaenea kwenye CD moja ya megabaiti 700. Wenzake wengine wakatoa yao ya bure wakaiita Xvid: isome kinyumenyume uone!

Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, alianzisha FFmpeg mwaka 2000, programu ya bure ya kugeuza video. Huyo huyo, mwishoni mwa mwaka 2009, alitangaza amepata tarakimu za pai karibu trilioni 2.7 kwa kompyuta moja ya mezani. Wengine tunashindwa kupanga folda.

Haya, sasa lile linalokukera: sauti inaenda, picha imeganda. Deki si mbovu, ndugu yangu, muvi ndiyo haikupikwa kwa ajili yake. Deki za zamani zinazocheza faili zinaijua Xvid ndani ya AVI na sauti ya MP3, ukizipa mbano wa H.264, uliopitishwa mwaka 2003, nyingi hazijui hata pa kuanzia. Upana ukipita nukta 720, nyingi zinakataa. Na ukiweka mbinu za kisasa zaidi, kama kufuatilia mwendo kwa robo ya nukta, kompyuta inafurahi lakini deki inakwama. Mwambie fundi anayekubania muvi: nukta 720 kwa 576 zisizidi, picha 25 kwa sekunde, mbwembwe zote azime.

Flashi ya gigabaiti 32 iko tupu, lakini muvi ya gigabaiti 5 inakataliwa! Mpangilio wa FAT32, unaojulikana na deki nyingi, haupokei faili moja la gigabaiti 4 kamili. Likate vipande viwili, litaingia.

DVD imegawa dunia kanda. Tanzania ni kanda ya 5, pamoja na India na Urusi; Afrika Kusini wako kanda ya 2, na Ulaya. Ndege na meli za kitalii zina kanda yao, ya 8!

DVD moja inaweza kubeba njia 8 za sauti. Lakini Derek Mukandala, mtafsiri wetu wa muvi wa Dar es Salaam aliyeitwa Lufufu, hakuhitaji hata ya pili: sauti yake ya kutafsiri ilipita juu ya ile ya muvi, na watu walimfuata yeye kuliko stelingi.

Na Uganda je? Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kisha akaifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya muvi nyingine. Iliyobaki hadi leo ni ya DVD, imeshabanwa, na sauti ya mtafsiri juu yake. Mamilioni wameitazama hivyo hivyo!

Zanzibar iliona televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970. Bara ilisubiri kituo chake cha kwanza hadi 1994. Huku na huko mfumo ulikuwa PAL, picha 25 kwa sekunde. Lakini sinema hupigwa picha 24! Njia ya kawaida ya kuzipatanisha ni kuiharakisha muvi kidogo: sauti zinapanda juu, na ya saa mbili inaisha ikiwa imebaki karibu dakika tano. Zote hizo umekatwa pale kibanda umiza, na kiingilio ulilipa kamili.